Mwenyeji wa Lori

Maganzo,
Jumapili, 7 Machi 1954

Dada Philomena,

Shikamoo. Salamu za watu wote utazikuta mwishoni. Leo nimezipeleka nyuma kwa sababu nikianza nazo karatasi itaisha kabla sijasema ninachotaka kusema. Unanijua. Mdomoni sina kitu, maneno yangu yote yako kwenye kalamu.

Kwanza habari ya barabara. Ukija sasa hutaitambua. Tangu watu waanze kumiminika kwa ajili ya kazi za mgodi wa almasi wa Mwadui, kila mwenye lori, mkokoteni au baiskeli anakuja kuuza kitu hapa Maganzo, na wote wanataka kusimama mbele ya nyumba zetu. Siku ya mshahara hutoki mlangoni ila kwa ubavu. Mwezi uliopita mke wa Eustace, yule fundi cherehani jirani yetu, alishikwa na uchungu, na malori yalikuwa yamebanana hivi kwamba walimpitisha juu ya magunia ya mpunga ya watu ili afike upande wa pili. Mtoto alizaliwa salama. Wamemwita Sikujua.

Baada ya hapo mwanangwa Masele, mkuu wetu wa kijiji, alikasirika akaita mkutano. Amesema mahali mbele ya kila nyumba ni pa mwenyeji wa nyumba hiyo, na ni chombo kimoja tu kwa kila nyumba. Tuweke mawe mawili yaliyopakwa chokaa, moja huku na moja kule. Asiye mwenyeji akaweke gari lake uwanja wa mnada wa ng'ombe. Unajua ulivyo mbali, na hauna mti wala mlinzi.

Ugomvi ulianzia hapo. Muuza karanga mmoja akauliza, "Mwenyeji ni nani? Hapa sote tulishuka kwenye lori." Watu wakacheka. Mwingine akasema mwenyeji ni mwenye bati. Mama Sikujua akasema, "Mwenyeji ni aliyezika mtu hapa." Mimi nikamtazama baba, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Masele akakata shauri kwamba mwenyeji ni yule anayelala katika nyumba, tuache maneno mengi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, nalo ni Valerian. Ndiyo, huyo huyo aliyekuletea barua hii. Unajua kwamba tangu Januari baba amempa chumba cha uani, chumba chako. Anakuja na lori la tajiri wenu wa Runzewe mara mbili kwa wiki, analiweka mlangoni. Hilo sina neno nalo. Lakini ikifika saa kumi alasiri baba anapanda ndani ya lori, wanafunga milango, wanapandisha vioo, pamoja na joto hili la Machi, na wanakaa humo saa nzima. Nikipita wananyamaza. Jana nilikuwa barazani na kitabu nikamsikia baba anacheka. Halafu akamwita "ng'wanone".

Dada, neno hilo mimi sijaitwa tangu tumzike mama. Miaka miwili tunakaa wawili tu, mimi na yeye, na sijamchekesha hata kwa bahati mbaya. Mtu wa Ushirombo anakuja na karanga zake anaitwa mwanangu ndani ya kioo kilichofungwa.

Mama Sikujua amesema mwenyeji ni aliyezika mtu. Valerian amemzika nani hapa?

Usimwonyeshe mtu barua hii. Nimeibandika kwa gundi ya mgunga mara tatu. Salamu kwa shemeji Felician na kwa Theopista. Baba mzima.

Mdogo wako,
Pantaleo


Runzewe,
18 Machi 1954

Mdogo wangu Pantaleo,

Marahaba. Bahasha yako nimeifungua kwa kisu cha nyama na bado imechanika, mstari mmoja umebaki kwenye gundi, sijui uliandika nini hapo. Siku nyingine ukitaka kumsema mtu, usimbebeshe mwenyewe.

Mimi nitasema ukweli wangu. Valerian sina baya naye. Alikula kwetu juzi, akaosha sahani yake mwenyewe. Shemeji yako akamwambia, "Bwana, acha hiyo sahani, utatuharibia wanawake wa Runzewe wote." Theopista hamwachi, anamdandia mabegani kama mti. Hata kile kitabu chake cha kuanzia, cha a e i o u, ambacho hakuna mtu anaruhusiwa kukishika, amempa. Valerian ndiye aliyekiomba. Nikamuuliza, "Kwani una mtoto wewe?" Akasema, "Ninaye mmoja. Mkubwa kidogo. Anajitahidi, ila herufi ya r inamtoa jasho." Akacheka peke yake. Mimi nikaona labda amechoka na safari.

Sasa mimi nina swali. Barua za baba unazomwandikia ni fupi kama simu ya boma. "Mimi mzima, mvua ipo, ng'ombe wazima." Ndivyo anavyosema, au wewe unapunguza njiani? Baba ninayemjua mimi alikuwa akianza habari ya ng'ombe mmoja aliyepotea, ugali unapoa.

Na wewe zungumza naye. Umesoma darasa nane, una lugha mbili za kuandika, na zote mbili unazitumia kunyamazia. Nimekutumia asali kidogo kwenye chupa. Usiimalize kabla baba hajaonja.

Dada yako,
Philomena, Mama Theopista


Maganzo,
Jumapili, 4 Aprili 1954

Dada,

Shikamoo. Asali tumeonja wote watatu, maana siku hizi katika nyumba hii kila kitu ni cha watatu.

Umeuliza, najibu. Napunguza. Baba anasema kwa Kisukuma na mimi naandika kwa Kiswahili, na njiani vitu vinaanguka. Vingine naviangusha mwenyewe. Mwezi wa pili alikaa muda mrefu akieleza ulivyokuwa ukiimba wakati wa kupepeta mtama, na jinsi nyumba ilivyo kimya. Mkono wangu ukawa mzito. Nikaandika: anakusalimu sana. Akaniuliza, "Umeandika yote?" Nikasema yote. Akasema, "Mbona limekuwa jambo dogo hivyo?" Nikamwambia Kiswahili ni kifupi. Sijui kwa nini nakuambia haya. Labda kwa sababu huwezi kunitazama usoni.

Masele amenichagua niandike kitabu cha barabara. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwa na kalamu na wino, naye nyuma yangu na fimbo. Kitabu kina mistari mitatu ya kusimama. Wa kwanza nyumba, wa pili mwenyeji, wa tatu chombo. Eustace hana hata baiskeli, akaandikisha cherehani. Masele akamwambia cherehani si chombo cha barabarani. Eustace akasema, "Ina gurudumu, mwanangwa. Ligeuze ulione." Mkewe Mama Sikujua naye, mawe yao kila asubuhi yanaonekana yamesogea hatua moja kwa jirani. Masele alipomuuliza akasema mawe ya Maganzo yana miguu, ndivyo yalivyo.

Nilicheka nao kote huko. Halafu tukafika kwetu.

Dada, unajua ile baiskeli baba aliyoninunulia nilipofaulu darasa la nane. Nilikuwa nimeshaiosha. Mawe nilikuwa nimeshayapaka chokaa mwenyewe, nikayapanga yawe karibukaribu, kipimo cha baiskeli. Masele akamuuliza baba, "Bujiku, chombo gani?" Baba akasema, "Lori la Valerian." Hakufikiri hata kidogo. Akaniangalia, akasema, "Andika. Mwenyeji, Bujiku. Chombo, lori la Valerian." Halafu akainama mwenyewe na lile goti lake bovu, akayasukuma mawe yangu yakae mbali, kipimo cha lori.

Nikaandika. Baiskeli nikaipeleka uani kwa kuku.

Valerian akaja kunishika bega jioni. "Pantaleo, mdogo wangu, nakushukuru kwa mwandiko mzuri." Nilisikia harufu ya mafuta ya gari begani mwangu mpaka nilipolala. Na huyo ana mtoto wake kwao, wewe mwenyewe umeniambia. Ana mtoto na bado anachukua baba wa watu.

Kwa kuwa barabara ni ya serikali, boma la Shinyanga linataka nakala ya kitabu kwa Kiingereza. Hapa hakuna mwingine wa kuiandika. Nimeiandika juzi, imekwenda. Sikuandika uongo hata neno moja. Nataka ulikumbuke hilo ukisikia lolote.

Pantaleo


Maganzo,
Jumatano, 14 Aprili 1954

Dada,

Shikamoo. Barua hii haiji kwa lori, naituma kwa mtu wa baiskeli aendaye Kahama, atakayeipitisha.

Tarishi alileta kitabu kutoka bomani siku ya Jumamosi. Mistari yote imekubaliwa, hata ya mkokoteni wa muuza karanga. Cherehani imekatwa. Na mstari wetu umekatwa kwa wino mwekundu. Masele hakuelewa, ila boma ni boma. Akamwambia Valerian alipeleke lori mnadani. Valerian hakubisha. Alikusanya blanketi lake na sufuria, kwa kuwa hawezi kulala kwetu na kuliacha gari la tajiri peke yake porini.

Basi mahali ni pangu. Nimeiweka baiskeli katikati ya mawe mawili. Mawe yako mbali mno, na baiskeli inaonekana kama mbuzi aliyesahauliwa. Baba akatoka, akaitazama, akasema, "Imependeza." Nikangoja akae barazani na mimi. Nilikuwa nimeshatandika mkeka.

Akachukua fimbo yake akaenda mnadani. Kwa miguu, dada, na matope haya. Ameenda Jumamosi, Jumatatu hata lori lilipokuwa safarini alikwenda akalikosa, na jana ameenda tena. Anarudi na matope hadi magotini, anakanda goti kwa maji ya moto. Jana nilimwuliza anafuata nini huko. Akasema, "Hewa."

Mimi nilidhani likiondoka lori atabaki. Kumbe lililokuwa likimweka mlangoni ni lori.

Pasaka njema.

Pantaleo


Runzewe,
22 Aprili 1954

Pantaleo,

Leo sina mzaha.

Valerian amefika hapa juzi. Karanga zake zimelowa gunia kumi na moja, maana mvua ya Ijumaa Kuu imemkuta mnadani na turubai bovu. Tajiri amesema kama hadi katikati ya mwezi wa tano hana mahali salama pa kuweka gari Maganzo, atamwondoa njia hiyo amtie njia ya mbali. Nikamuuliza Valerian nani amewafitini. Akasema hajui, labda karani alichoka. Hakukutaja. Mimi ndiye niliyekumbuka ile "sikuandika uongo hata neno moja" yako. Mtu asiye na jambo haandiki hivyo.

Lakini si hilo lililoniliza. Ameniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Nimeambiwa nisiisome, na sijaisoma." Nikadhani imeandikwa na mtoto. Nikaanza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Nimeambiwa nisikwambie. Nimefikiri siku mbili, nikasali, na nimeona bora nivunje neno la baba kuliko nikuache ulivyo. Naikopi kama ilivyo, na makosa yake yote.

"FILOMENA. Ni mimi baba yako naandika mwenyewe. Usicheke. Valeliani amenifundisha tangu mwezi wa kwanza ndani ya loli. Ndani ya loli hakuna mtu anaona mzee anasoma a na e. Kitabu cha Theopista ni kizuli kina picha ya bata. Balua zangu anaandika Pantaleo lakini hii ni habali yake mwenyewe sasa nitamwambiaje aandike. Tangu tumzike mama yenu hasemi na mimi. Nikimuuliza anajibu kama kalani. Nilimnunulia baisikeli hakucheka. Mimi sijasoma yeye amesoma lugha mbili labda ananionea haya. Niambie nimemkosea nini wewe unamjua. Sasa loli iko mnadani nakwenda huko kumaliza kujifunza goti linauma lakini nimefika helufi zote. Usimwambie. BABA. BUJIKU."

Nimemaliza. Yule mtoto wa Valerian aliyetolewa jasho na herufi ya r ndiye huyu.

Sasa niambie ulifanya nini. Usipunguze.

Philomena


Maganzo,
Jumapili, 25 Aprili 1954

Dada Philomena,

Nimeisoma barua yako uani, kwa kuku, kwa sababu hakuna pengine pa kusomea kitu kama hicho. Kwa hiyo sasa najua kwa nini mtu anatafuta mahali penye mlango.

Sipunguzi. Sikiliza.

Kwa Kiswahili "mwenyeji" ni neno moja. Ni mtu wa mahali, na ndiye huyo huyo anayempokea mgeni. Ukisema Bujiku ni mwenyeji, umesema yote mawili na hakuna anayekuuliza lipi. Kiingereza hakiko hivyo. Kina maneno mawili, moja la mtu anayekaa mahali, jingine la mtu aliyepokea mgeni. Mwalimu alitupigia mstari chini ya hayo mawili darasani, akasema msiyachanganye. Mimi nilipata alama zote.

Nyumba zote niliandika lile la kwanza. Nilipofika kwetu kalamu ilisimama. Nilikuwa peke yangu, na hapa Maganzo hakuna mtu hata mmoja ambaye angeona tofauti. Nikaandika lile la pili. Ukisoma mstari wetu kwa Kiingereza unasema: katika nyumba hii Bujiku amepokea mgeni, na lori ni la huyo mgeni. Basi boma wakakata, kama sheria ilivyo. Hawakukosea. Na mimi sikuandika uongo, maana ni kweli baba alimpokea. Ndivyo nilivyojiambia wiki tatu.

Valerian analala kwetu tangu Januari. Kwa sheria ya Masele yeye ni mwenyeji sawa na mimi. Nililijua hilo. Nilitaka awe mgeni mahali fulani, hata kama ni kwenye karatasi, hata kwa lugha ambayo baba haijui. Hasa kwa lugha ambayo baba haijui.

Nilikuwa nikisikia wananyamaza nikipita, nikadhani wana siri juu yangu. Siri ilikuwa juu yangu kweli.

Baba ananiogopa, dada. Nimekaa na mtu huyu nyumba moja nikidhani hanipendi, kumbe yeye amekaa akidhani namwonea haya. Nimejibu kama karani kwa sababu nikijibu vingine sauti inatetemeka. Baiskeli sikucheka kwa sababu ningelia, na Masele alikuwa amesimama pale.

Kesho naandika kwa Masele. Nitaandika, nikienda kusema nitasimama tu mlangoni.

Pantaleo


Maganzo,
26 Aprili 1954

Kwa Mwanangwa Masele

Shikamoo, Mzee.

Mimi Pantaleo Bujiku, niliyekabidhiwa kitabu cha barabara, natoa taarifa kwamba katika nakala ya Kiingereza, mstari wa nyumba yetu, niliandika neno lisilo lake mahali pa "mwenyeji". Boma halikukosea, wala baba yangu, wala Bwana Valerian. Nililiandika nikijua. Naomba ruhusa nirekebishe mstari huo, na niko tayari kwa adhabu utakayoona inafaa.

Mtiifu wako,
Pantaleo Bujiku


Maganzo,
27 Aprili 1954

Kwa kijana Pantaleo

Hii ameniandikia Eustace, mimi nasema yeye anashona maneno.

Taarifa yako nimesomewa. Nimekaa nayo, nimekasirika, nimekula, nimekasirika tena kidogo. Watu kumi na sita waliniuliza kwa nini Bujiku amekatwa, na mimi mwanangwa mzima nikasema boma ni boma.

Adhabu yako ni hii. Andika nakala nzima upya, nyumba zote, kisha ipeleke Shinyanga wewe mwenyewe kwa hiyo baiskeli yako. Usipande lori la mtu. Ukirudi, upake chokaa mawe ya barabara yote, pande zote mbili, na ya Mama Sikujua uyachimbie chini yasitembee.

Na ulijue jambo moja. Nyumba yenu ina nafasi moja. Lori likirudi, baiskeli haina mahali. Fikiria kabla hujaenda.

Ni mimi,
Masele

(Mimi Eustace naongeza: ukiwa huko bomani, waulize tena habari ya cherehani.)


Runzewe,
6 Mei 1954

Mdogo wangu,

Valerian amepita hapa anaimba. Amesema lori liko mlangoni tena, kati ya mawe meupe kama meno ya mtoto. Amesema ulikwenda Shinyanga na kurudi siku moja, kiti cha baiskeli kikakufanya usikae siku mbili, ukawa unakula umesimama. Shemeji yako amecheka mpaka kofia imeanguka. Mimi nimecheka pia. Sasa tunaweza.

Ila Valerian ameniambia jambo moja ambalo halikunichekesha. Amesema, "Baba anasoma sasa, lakini kijana haonyeshi kama anajua, na baba hajui kama kijana anajua. Wanapishana mlangoni kama malori mawili." Umelirudisha lori, vizuri. Na kwa baba umesema nini?

Najua jibu. Basi kama mdomo haufunguki, fanya unalolijua. Mwandikie. Herufi kubwa, sentensi fupi, wino mweusi. Kuhusu mimi mwambie ukweli, kwamba nilivunja neno lake. Akinigombeza atanigombeza kwa maandishi, na nitaiweka barua hiyo kwenye sanduku la kanga zangu.

Dada yako,
Philomena


Maganzo
9 Mei 1954

BABA, SHIKAMOO.
MIMI NDIYE NILIYEONDOA LORI MLANGONI.
NILIBADILI NENO LA KIINGEREZA KATIKA KITABU CHA BOMA.
NILIFANYA HIVYO KWA WIVU.
NILIDHANI UMEPATA MWANA MWINGINE.
NAJUA UNASOMA. DADA AMENIAMBIA, USIMGOMBEZE.
HUJANIKOSEA KITU.
SIKUONEI HAYA.
MIMI MWANAO,
PANTALEO


Maganzo
talehe 9

Ng'wanone Pantaleo

Balua yako nimeikuta kwenye kiti cha loli. Nimeisoma mwenyewe polepole mpaka chini. Habali ya kitabu cha boma nilikuwa naijua. Masele aliniambia siku uliyokwenda Shinyanga. Nilikuwa nangoja uniambie wewe.

Baisikeli nimeitoa kwa kuku. Nimeiweka balazani kwa ndani hapo hapana shelia ya Masele.

Neno moja limenishinda. Liko mstali wa nne, la mwisho, lina helufi nne. Nimelisoma mala tatu na sijui ni neno gani hilo katika nyumba yetu. Valeliani yuko hapa ningemuuliza lakini nimemwambia ashuke akanywe chai kwa Mama Sikujua.

Njoo unisomee. Niko ndani ya loli. Mlango sijafunga.

Baba yako
Bujiku